Mashimo Kumi na Manne

Masara, Suna Magharibi
26 Januari 2025

Mama Valary,

Pokea salamu za nyumba hii, ambayo bado ina paa ingawa umeiacha. Sisi ni wazima. Ndugu yangu Levi, mumeo, anakula kwangu asubuhi na jioni. Juzi alimaliza ugali akauliza kama kuna mwingine, nami nikajua huko kwako alikuwa hashibi, ila alikuwa anaona haya kusema. Valary ameng'oka jino la mbele. Alitaka kuliweka mpaka uje ulione. Nikamwambia jino halingoji mtu, tukalitupa juu ya paa. Mbuzi wako mweupe amezaa wawili, mmoja amekufa.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kijaluo chako ni cha kununulia nyanya, na Kikuria chenu mimi sikijui hata cha kuomba maji. Nakuandikia barua kwa sababu simu ikiita hapa kila mtu anataka kusikia, na mtoto wako ana masikio marefu. Mwalimu Jeff wa shule yetu huenda kwao Homa Bay kila mwisho wa mwezi. Ndiye atakayekuwa posta yetu.

Sasa. Nimeulizwa sokoni umekwenda wapi. Nimesema masomoni. Masomo gani? Kuratibu na kusimamia miradi. Celestine, jirani ninayeponda naye mawe ya dhahabu pale kwenye mashine ya karasha, akauliza, "Mradi gani huo?" Nikamjibu, hakuna mradi, anasomea kusimamia tu. Alicheka mpaka nyundo ikamponyoka.

Na kweli, wifi. Mtu akisomea ushonaji, anashona. Akisomea udereva, anaendesha. Wewe utarudi baada ya miezi sita usimame wapi? Usisahau mimi ni mwenyekiti wa kamati ya mashimo. Watu wa miradi nimewaona kwa macho yangu. Walipokuja mwaka wa juzi kufunika mashimo yaliyoachwa na wachimbaji, walifika na magari mawili, kofia za kijani na soda za moto. Wiki nzima wanachora miti kwenye karatasi kubwa: mti wa shida, mti wa suluhisho. Hakuna hata mmoja aliyeshika koleo. Kama hiyo ndiyo kazi unayoisomea, mimi naweza kukufundisha hapa jikoni: vaa kofia, kunywa soda, nenda zako.

Sisemi urudi. Nasema tu mtoto anakua.

Mimi,
Leonida


Homa Bay
28 Februari 2025

Wifi Leonida,

Salamu zako zimefika na miiba yake yote, hakuna hata mmoja uliovunjika njiani. Mimi ni mzima. Mwambie Levi nimesikia habari ya ugali na tutaonana. Mwambie Valary ameniumiza kwa kung'oka jino bila mimi, na kwamba nimemnunulia kalamu za rangi ambazo Mwalimu Jeff atamletea pamoja na barua hii. Pole kwa mbuzi.

Nakaa na dada mmoja wa Sori, chumba kimoja, vitanda viwili. Darasa liko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Mchana upepo ukitoka ziwani tunasoma huku tunanusa dagaa wa omena. Tuko ishirini na watatu. Umewacheka watu wa miradi kwa sababu hujakaa nao. Mimi nakaa nao, kwa hiyo kicheko changu kina haki zaidi. Wiki ya kwanza tulifundishwa neno mdau. Kila mtu ni mdau. Mwenye shamba ni mdau, chifu ni mdau, nadhani hata yule mbuzi aliyekufa alikuwa mdau. Kuna mama mmoja wa Mbita ambaye ukimmwagia chai kwa bahati mbaya anasema hiyo ni hatari ambayo haikuwekwa kwenye jedwali. Na mwingine anavaa tai siku ya Jumamosi. Anafua nguo nayo.

Lakini nitakuambia jambo ambalo halitakufurahisha: napenda masomo haya. Ukiyavua maneno makubwa, yanabaki maswali ya mtu mwenye akili. Nani alisema atafanya nini? Lini? Nani ataenda kuangalia? Ni maswali ambayo kule nyumbani ukiyauliza unaambiwa nyar Kuria, binti wa Wakuria, ana mdomo.

Sasa jambo lenyewe. Mwalimu wetu mkuu anaitwa Bwana Wangwe. Utakuwa unamkumbuka, ndiye aliyekuwa mratibu wa mradi wa mashimo huko Masara kabla hajaanza kufundisha. Na bado yuko na shirika lile. Juma lililopita alituonyesha ukutani, kwa projekta, mfano wa mradi uliofaulu. Nikaona jina la Masara. Nikaona picha yako, wifi, umevaa kizibao cha kung'aa, umesimama juu ya zege, unatabasamu kama bibi harusi. Chini yake imeandikwa: mashimo kumi na manne yamefunikwa, kati ya kumi na manne.

Nilifurahi, nikataka kuwaambia wenzangu huyu ni wifi yangu. Kisha nikaanza kuhesabu kichwani yaliyofunikwa, nikianzia kwa karasha mpaka njia ya shule. Nimepata tisa. Nimerudia, tisa. Lile la nyuma ya boma la Nyabuto, ambalo Valary hupita kando yake akienda shule, lilikuwa wazi nilipoondoka Januari.

Nisaidie. Wewe ndiye mwenyekiti. Yamefunikwa mangapi?

Bhoke


Masara
30 Machi 2025

Mama Valary,

Mvua imeanza, kwa hiyo tunashukuru na kulalamika kwa pamoja. Tumepanda. Levi ana kikohozi lakini si cha kukuita. Kalamu za rangi zimefika, na ukuta wa jikoni kwangu sasa una jua, ndege, na mtu mwenye kichwa kikubwa ambaye nimeambiwa ni mimi. Mwalimu aliwaambia watoto waandike kuhusu mama zao. Binti yako ameandika: "Mama yangu anaishi Homa Bay ndani ya projekta." Jeff alinionyesha daftari. Alicheka. Mimi sikucheka.

Celestine anakusalimu. Ameacha kuponda mawe siku mbili kwa sababu ya mgongo, lakini ulimi hauumwi.

Nimesoma barua yako. Kumbe karo ile yote ni ya kujifunza kuhesabu mashimo. Hiyo Valary angekufanyia bure kwa vidole vyake. Na umekaa miaka kumi Masara, leo ndiyo umeyaona? Kuna mashimo ya zamani, kuna mapya, kuna mengine yanajifungua yenyewe mvua ikinyesha. Mtu aliyeketi ghorofani juu ya magodoro atajuaje lipi ni lipi?

Hukuniambia nilionekanaje kwenye picha. Kizibao kile kilikuwa cha dereva wao.

Kuna watu hapa kijijini ambao mwanamke akipewa cheo kidogo wanamtafutia kosa. Sikudhani nitawapata ndani ya ukoo. Soma vitabu vyako, umalize, urudi upike.

Leonida


Homa Bay
4 Mei 2025

Wifi,

Barua yako ya Machi nimeipata majuzi tu. Shule zilipofungwa Aprili, Mwalimu Jeff aliiweka kwenye koti, koti likaenda kwa fundi. Tumshukuru fundi. Mimi ni mzima, nimekonda kidogo. Pole kwa kikohozi cha Levi. Habari ya projekta nililia, kama ulitaka kujua. Na kama hukutaka, basi umejua bure.

Nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta namba. Kuna ukuta wa jikoni, kuna mgongo wa Celestine, kuna kizibao cha dereva. Namba hakuna.

Mwezi uliopita tulifundishwa kukabidhi mradi. Kazi ikiisha, kuna hati. Upande mmoja anatia sahihi aliyefanya kazi, upande wa pili anatia sahihi aliyefanyiwa, na baada ya hapo hakuna anayedaiwa shimo na mwenzake. Nikaomba kuona hati ya Masara. Bwana Wangwe hakutaka, kisha akaitoa, nadhani aliona aibu mbele ya darasa. Kurasa sita za Kiingereza. Ukurasa wa mwisho kuna "Leonida" yako, na ile L yenye mkia mrefu kama ya mtu anayesaini daftari la harusi.

Wewe, uliyenifukuza jikoni mwaka wangu wa kwanza wa ndoa kwa kutia chumvi kabla ya kuuliza! Wewe ambaye ukinunua kibaba cha maharagwe sokoni unamwaga mezani kuangalia mawe! Ulitia sahihi ya mashimo kumi na manne ukiwa umesimama katikati ya tisa?

Wifi, mimi nacheka watu wa miradi, wewe unawacheka, Masara nzima inawacheka. Lakini wao wameandika uongo wao kwa mkono wako. Nani amemcheka nani?

Mwambie Levi kwamba Valary apitie njia ya juu, hata kama ni mbali.

Huku mambo mengine ni ya kawaida. Bwana Wangwe amenipa fomu fulani ya kujaza, si jambo kubwa.

Bhoke


Masara
1 Juni 2025

Mama Valary,

Barua imefika. Sisi ni wazima. Mahindi yamefika magotini. Valary anapita njia ya juu.

Usiniandikie tena kuhusu mashimo. Mimi ni mkubwa wako, nilimbeba mumeo mgongoni.

Tena, Mwalimu Jeff ameniambia kule Homa Bay inasemekana umepewa kazi. Utakuwa msaidizi wa Bwana Wangwe, katika shirika lilelile, kuanzia Agosti. Hiyo ndiyo fomu ambayo "si jambo kubwa"? Mimi naulizwa namba, na wewe unaficha mshahara.

Ulikuwa utatuambia lini? Au tungeona picha yako ukutani?

Leonida


Masara
22 Juni 2025

Bhoke,

Barua hii analeta Levi mwenyewe, kwa mkono. Usimwulize maswali mpaka umalize kusoma. Valary ni mzima. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua moyo wako utakuwa umeruka.

Celestine ameanguka shimoni.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Alikuwa anatoka kuchota maji, akapita nyuma ya boma la Nyabuto kwa sababu njia ya juu ilikuwa tope. Ukingo ulimeguka chini ya miguu yake. Watoto wa Nyabuto waliona mtungi umesimama peke yake, mwenye mtungi hayupo.

Nilifika wa tatu. Nikalala kifudifudi, Levi akanishika miguu, nikaita, "Celestine!" Nikaita tena. Ndipo nikasikia sauti kutoka chini, ya mtu anayeongea na meno yamefungwa: "Niko. Mguu hauko mahali pake. Usimwage mchanga." Hata huko chini ananiamrisha. Levi alishuka kwa kamba. Ilichukua zaidi ya saa moja, maana kuta zilikuwa zinadondoka na kila mara alinyamaza mpaka nikadhani tumewapoteza wawili. Alipotolewa, fupa la paja lilikuwa limevunjika na nyonga imetoka. Yuko hospitalini Migori. Wamempasua. Daktari amesema atatembea, lakini si kama zamani.

Nilimwona siku ya pili. Aliniangalia, akageuza uso ukutani.

Sasa nitakujibu ulichoniuliza Februari. Tisa.

Ilikuwa Desemba, mwaka wa 2023. Mvua kama hii. Wangwe alikuja na dereva wake, akasema lori la simiti haliwezi kupita mpaka njia ikauke. "Mama mwenyekiti," akasema, "tisa yamekwisha. Haya matano tutayamaliza Januari. Lakini mwaka unafungwa. Ukitia sahihi leo, Januari tunarudi. Usipotia, mradi unafungwa na hayo matano hayatafunikwa kamwe." Akatoa makaratasi. Celestine alikuwepo, yeye ndiye katibu. Alisema, "Leonida, tungoje jioni, Mwalimu Jeff atusomee Kiingereza hiki."

Mimi nikasema, mbele ya Wangwe na mbele ya dereva, "Mimi si mtoto wa kusomewa."

Nikatia sahihi. Wakanivalisha kizibao, wakanipiga picha juu ya shimo lililofunikwa. Januari ikapita. Nilipiga simu mara tatu, akawa anasema wiki ijayo. Mara ya nne haikupokelewa. Ningemwambia nani? Ningesema nini? Kwamba mwenyekiti alitia sahihi karatasi asiyoielewa, kwa sababu aliona haya mbele ya dereva? Celestine alijua na hakunisema hata siku moja. Sokoni nikiwacheka watu wa miradi, alicheka nami. Sasa ndiye aliyeanguka.

Nilidhani wewe ukirudi na cheti chako utaniuliza, ndiyo maana sikutaka urudi nacho.

Basi umejua. Cheka.

Leonida


Homa Bay
13 Julai 2025

Wifi Leonida,

Siwezi kukusalimu kwa maneno mengi leo. Levi alikula, akalala, akarudi salama nadhani. Nilimpa maziwa na kanga ampelekee Celestine. Kama atauliza zimetoka kwa nani, asiambiwe ni zako.

Sicheki. Ningependa kucheka, nimeingoja nafasi hii miaka kumi, tangu ile chumvi. Lakini nimejitazama nikaona sina mahali pa kusimama. Nilijua tangu Februari kwamba shimo la Nyabuto liko wazi, na kwamba kuna karatasi inayosema limefungwa. Nikafanya nini? Nikakuandikia barua mbili za kejeli. Sikwenda kwa chifu. Sikumpigia mtu yeyote simu. Mwezi wa Mei nilikuuliza nani amemcheka nani, na siku ileile jioni nikajaza fomu ya Wangwe kwa herufi nzuri. Alisema mtu anayejua Masara kama mimi ni hazina. Nilijua ananinunua. Nilitaka kununuliwa, wifi. Mshahara kila mwisho wa mwezi, na Levi asishuke tena chini ya ardhi kutafuta dhahabu. Niliona hiyo ni sababu nzuri, na bado naiona.

Ijumaa iliyopita kila mwanafunzi alitakiwa kusimama na kueleza mradi mmoja mbele ya wageni. Kati ya wageni alikuwa mama mmoja kutoka kwa wafadhili waliotoa fedha za mashimo, anaitwa Nyasuguta, mwanamke mfupi asiyetabasamu. Mimi nilikuwa nimepangiwa kueleza mradi wa kuku. Nikasimama nikasema, "Nitaeleza mradi wa Masara. Unasifiwa kwa mashimo kumi na manne. Yaliyofunikwa ni tisa. Katika moja ya yale matano, mwezi uliopita, alianguka mama anayeitwa Celestine." Nikaonyesha picha ambazo Levi alizipiga kwa simu.

Yule wa tai akaangalia viatu vyake.

Wangwe hakupandisha hata sauti. Alisema, "Tunasikitika sana kwa ajali hiyo. Lakini Masara ni machimbo. Mashimo mapya yanachimbwa kila siku. Hayo kwenye picha si yetu." Nikasema ni yenu. Akafungua faili lake taratibu, akainua ukurasa wa sita. "Kamati yenyewe ilikagua, na mwenyekiti akathibitisha. Kumi na manne. Huyu mwenyekiti ni nani kwako?"

"Ni wifi yangu."

"Basi tuambie, Bhoke. Wifi yako ni mwongo?"

Barua yako ilikuwa kwenye mkoba, wifi, miguuni pangu. Namba iliandikwa kwa mkono wako, L ikiwa na mkia uleule. Ningeitoa, ningemaliza maneno pale pale. Yule mama mfupi alikuwa ananiangalia akingoja.

Sikuitoa. Nilisema, "Waulizeni wenyewe," nikaketi. Mtu mmoja nyuma akacheka.

Usinishukuru. Sikufanya kwa upendo. Nilifikiria tu kwamba tayari kulikuwa na mtu mmoja aliyekutumia kama karatasi.

Kazi imekwenda, nilipigiwa simu jioni ileile. Cheti kimezuiwa mpaka uchunguzi uishe, nami nitakingojea hapahapa, na hakuna aliyesema uchunguzi ni wa nini. Lakini Nyasuguta alinifuata kwenye ngazi. Hakunisifu. Aliuliza tu, "Masara, nikitoka Migori mjini, napandia wapi?" Amesema atakuja Agosti, yeye mwenyewe.

Akija, atakuuliza wewe. Kuhusu utakachosema, sina ushauri. Nimesomea kusimamia miradi, kukusimamia wewe hakuna chuo.

Bhoke


Masara
24 Agosti 2025

Mama Valary,

Salamu za nyumbani. Levi ni mzima, amepona kikohozi. Valary amekuwa wa nne darasani na anasema angekuwa wa tatu kama mwalimu angejua kuhesabu. Sijui amerithi kwa nani. Mahindi ni mazuri. Ukuta wa jikoni nimeupaka chokaa, ameanza kuuchora upya.

Yule Nyasuguta wako alikuja tarehe 12. Wangwe alikuja naye, na kofia yake. Chifu aliita watu uwanjani pa shule, wakaja wengi, maana habari ya aibu haihitaji tangazo. Wangwe akasalimia kwa Kijaluo, akasema maneno mazuri kuhusu ushirikiano. Kisha akanigeukia, "Mama mwenyekiti, hebu waambie wageni. Sahihi hii ni yako?"

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno ya heshima usiku mzima, yote yakanitoka. Nikasema, "Sahihi ni yangu. Mashimo ni tisa. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza na mimi Kiingereza changu kinaishia kwenye good morning. Katibu aliniambia tungoje tusomewe. Nilikataa kwa sababu ya kiburi. Huyu bwana alinidanganya kwamba atarudi Januari, na mimi nikawadanganya ninyi kwa kunyamaza. Katibu wangu ndiye aliyevunjika."

Watu wengine walicheka, wifi. Mama mmoja wa sokoni akasema kwa sauti, "Na ulivyokuwa unatucheka sisi!" Nikamwambia ndiyo, nilikucheka, na ile kofia ya kijani uliyopewa na mradi bado haikupendezi, lakini leo ni zamu yako.

Nikaendelea. Nikasema wifi yangu alikuwa na barua yangu mkobani, yenye ukweli wote, siku aliyoulizwa kama mimi ni mwongo, na hakuitoa. Amepoteza kazi kwa ajili hiyo. Uwanja mzima ukaacha kucheka, hata wale waliokuita nyar Kuria kwa dharau. Mimi nikiwa mmojawapo.

Nyasuguta akainuka. Alitembea kwenye mashimo yote, moja baada ya jingine, na viatu vyake vya mjini, Wangwe akimfuata nyuma akieleza mambo ya mvua. Kwa Nyabuto alichungulia chini muda mrefu. Kisha akamwambia, "Bwana Wangwe, nyamaza kidogo." Nasikia sasa Wangwe amesimamishwa, na shirika na chuo pia. Kuhusu cheti chako hawajaniambia kitu. Simiti ya mashimo matano wamesema italetwa.

"Italetwa" nimeisikia kabla. Kwa hiyo hatukungoja. Levi na wachimbaji wenzake wameanza kujaza kifusi, wanawake wa karasha tunasomba mawe yaliyokwisha kusagwa. La Nyabuto limejaa jana. Lilitumia siku kumi na moja kwa sababu kila mtu alikuwa mkubwa: huyu anasema mawe kwanza, huyu mchanga kwanza, siku mbili watu arobaini walikuja na koleo tatu, siku ya tatu koleo thelathini zikaja na watu wanne. Nilisimama pale nikajua kile ulichokwenda kusomea. Sitalirudia hilo.

Celestine ametolewa hospitalini, anatembea kwa magongo mawili. Nilikwenda kwake kuomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umemaliza? Niletee maji." Nikamletea. Akasema, "Na kesho." Nampelekea maji kila siku sasa. Hajanisamehe. Anasema ataniambia.

Nimeacha uenyekiti, sikungoja kufukuzwa. Jana baada ya kujaza shimo tulikaa palepale juu yake kuchagua mwingine. Nikataja jina lako. Wakacheka, wakasema Mkuria, mke wa kuolewa, hata hayupo. Nikawaacha wacheke mpaka wakachoka. Celestine akagonga gongo chini akasema, "Pigeni kura, mguu unaniuma." Wewe umepata thelathini na moja, ndugu yake Nyabuto kumi na mbili.

Kazi haina mshahara. Watu ni wabishi. Mashimo yaliyo wazi bado ni manne, na aliyekutangulia ameacha jina baya sana. Koleo yako nimeitia mpini mpya.

Njoo Jumatatu. Jumapili niko kanisani na sitaki kukupikia.

Leonida